Milango ya Sodiamu na Matobolwa ya Mama

Nilipokuwa msichana mdogo, kila nilipoanguka mama alinilisha matobolwa. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikakakamaa. Kwetu Usukumani ni chakula cha kiangazi, lakini kwa mama yalikuwa pia dawa. Aliyachemsha upya, akayachanganya na karanga za kutwanga, akakaa pembeni ya mkeka wangu na kunilisha kipande kimoja kimoja kwa mkono wake. "Kula mwanangu, nguvu zirudi," alisema. Nguvu zilichelewa, na kadiri zilivyochelewa ndivyo alivyozidi kunilisha.

Kuanguka ninakokusema si kifafa. Sikupoteza fahamu hata mara moja. Nilisikia kila kitu, nikaona kila kitu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikakasirika kwa kila kitu. Miguu ndiyo iliyogoma. Uzito ulianzia mapajani, mikono ikafuata, na baada ya robo saa nilikuwa nimelala kama gunia huku nzi ananitembelea usoni nami siwezi kumfukuza. Kifua kiliendelea kupumua, na sauti ilikuwepo, ingawa ndogo. Baada ya saa moja, au tatu, au nusu siku, ugonjwa ulikwisha wenyewe nikainuka kama mtu aliyekuwa akiwatania wenzake.

Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Kijijini kwetu, kando ya barabara ya Kahama, watu walilima kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule, majembe ishirini kwenye mstari mmoja na wimbo mmoja. Nikiwa na miaka tisa nililima na watu wazima bila kubaki nyuma. Shida ilikuja wakati wa kupumzika. Tulikaa wote ukingoni mwa shamba, uji ukapita, watu wakacheka, kisha mwenye shamba akasema haya tuinuke, na wote wakainuka isipokuwa mimi. Hebu liangalie jambo hilo kwa macho ya watu wenye majembe mikononi. Mtoto kalima vizuri, kanywa uji vizuri, na kazi inapoanza tena ndipo miguu yake inakataa. Waliniita mvivu, na wenye huruma kidogo wakasema nimerogwa.

Mama hakusema lolote kati ya hayo. Alinibeba mgongoni mpaka nyumbani, nami nilikuwa mrefu tayari, miguu yangu ikiburuta vumbi nyuma yake. Alinilaza, akawasha moto, akachemsha matobolwa. Leo nikikumbuka mgongo ule unaonuka jasho na moshi, nashukuru mpaka machozi yananilenga, na siyaonei aibu.

Baba hakuwepo nyumbani mara nyingi. Alikuwa kuli Isaka, kwenye bandari kavu, akihamisha magunia kutoka kwenye mabehewa kwenda kwenye malori yanayoelekea Rwanda na Burundi. Alirudi mwisho wa mwezi, na asubuhi yake ya kwanza nyumbani alibaki kitandani mpaka jua limepanda. Mama aliamini ni pombe. Huko Isaka nako walimkuta amekaa chini kando ya lori baada ya kula, hawezi kusimama, wakasema kalewa. Mara ya tatu msimamizi wa kikundi chao akamwambia asirudi tena. Baba alikunywa, sikatai, lakini si kuliko wenzake. Alipoulizwa alisema tu, "Miguu imegoma," na watu wakacheka. Siku aliyorudi na kifurushi chake, mama alimwita mlevi mbele ya majirani, kwa sauti, na hakuishia siku hiyo. Baba alifariki kwa homa nikiwa kidato cha pili. Tangu hapo alitajwa nyumbani kwetu kwa ajili ya kutuonya tu: someni, msije mkawa kama yule.

Mtu atauliza mama alishindwaje kuyaunganisha mambo hayo mawili. Mimi pia nilishindwa, na mimi nina shahada. Wa mtoto ulikuwa ugonjwa na wa mume ulikuwa ulevi, na hakuna aliyefikiria kuviweka pamoja.

Nilijifunza mwenyewe kukwepa. Niligundua kwamba nikimaliza kazi nzito nisikae, nikitembea polepole huku na huku, ule uzito wa mapajani unapita. Bwenini, wenzangu walipojitupa vitandani baada ya michezo, mimi nilizunguka uwanja peke yangu, wakadhani nina maringo. Nikawa mwalimu wa biolojia. Sasa nafundisha kidato cha tano na cha sita Ushirombo, na sijutii hata siku moja, maana nadhani ni kazi chache ambazo mtu hulipwa kwa kusimama.

Kila mwaka nafika kwenye mada ya neva na misuli, na kila mwaka nachora ubaoni milango ya sodiamu. Mada hii naipenda, niseme wazi. Msuli ukiwa umetulia, ndani ya seli kuna chaji hasi kuliko nje, na sodiamu imejazana nje ikitaka kuingia. Kwenye utando wa seli kuna vijilango vya protini, vimefungwa. Amri ikifika kutoka kwenye neva, volteji ya utando inabadilika kidogo. Sehemu ya mlango yenye chaji inayahisi mabadiliko hayo na kusogea, mlango unafunguka, sodiamu inamiminika ndani. Hiyo ndiyo cheche inayokimbia msuli mzima na kuuambia ujikaze.

Wanafunzi hukumbuka mpaka hapo, kisha hufunga madaftari, nami huwafokea. Kuna nusu ya pili. Katika muda kama wa elfu moja ya sekunde, kipande kingine cha protini ileile kinaziba tundu kwa ndani, na sodiamu inakatika. Mlango uliozibwa hivyo haupokei amri nyingine mpaka seli irudi kwenye utulivu wake. Hapo ndipo kizibo kinatoka na mlango unakaa tayari upya. "Kufunguka ni rahisi," huwaambia. "Mtu anayetembea anatembea kwa sababu milango yake inajua kufunga." Nilisema maneno hayo miaka tisa, chaki mkononi, na haikunipitia akilini kwamba nayazungumzia mapaja yangu mwenyewe.

Mwaka jana mwezi wa Septemba nilikwenda Mwanza kwenye semina ya walimu. Tulipanda kilima kwa miguu, tukala ndizi mbivu, tukakaa kwenye viti vya plastiki saa mbili tukisikiliza mtu anayesoma karatasi. Walipotuambia tusimame kwa picha, nikabaki. Wenzangu walinipeleka hospitali. Nilimkuta daktari msichana, umri wa wanafunzi wangu wa zamani, na nilijiandaa kusikia habari za presha au za mawazo mengi kama nilivyozoea. Yeye alichukua damu palepale, kabla nguvu hazijarudi, akanipima na moyo. Majibu yalipotoka akavuta kiti.

"Mwalimu, potasiamu yako imepanda. Leo ulikula nini?"

"Ndizi."

"Na nyumbani, ukianguka, huwa wanakupa nini?"

Nilimwambia kuhusu matobolwa na karanga. Aliweka kalamu chini. Akaniambia viazi vitamu vilivyokaushwa vina potasiamu nyingi, na karanga pia, na kwamba kwa mtu mwenye ugonjwa anaoushuku, huko ni kumwagia moto mafuta. Kisha akachukua karatasi aanze kunichorea mlango wa sodiamu. Nilicheka kitandani pale, miguu bado imegoma, nikamwomba anishikishe kalamu vidoleni, nikaumalizia mchoro wake kwa mwandiko wa kutetemeka.

Akanieleza lililokuwa halimo kwenye vitabu vyangu. Kuna watu ambao baadhi ya milango yao ya msuli haizibi sawasawa. Inavuja. Sodiamu inaingia kidogo kidogo pasipo amri, seli inakosa utulivu wake, na kwa kuwa utulivu haupo, hata ile milango mizima iliyobaki inakaa imezibwa, haiwezi kuitikia. Msuli si mgonjwa, ila hausikii anayeuita. Potasiamu ikipanda kwenye damu inazidi kuisukuma seli huko huko. Kupumzika ghafla baada ya kazi, njaa, na baridi vinaweza kuuamsha ugonjwa. Kipimo cha vinasaba hawakuwa nacho pale, alisema, ila damu yangu na maelezo yangu vilitosha kuanza matibabu. Dawa ni vidonge vya kukojoa, chai yenye sukari dalili zikianza, na kutembea polepole, kitu ambacho nilikuwa nimejitibu nacho tangu bwenini.

"Hurithiwa," akasema. "Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Mama yako anaanguka?"

"Hapana."

"Baba?"

"Baba alikuwa mlevi," nikasema, na nikajisikia nikilisema neno hilo.

Nililia pale, sikatai. Nililia kwa shukrani kwanza, kwa sababu ugonjwa wenye maelezo ni mwepesi kuliko uvivu. Halafu nikamlilia baba. Mwisho kabisa nikamkumbuka binti yangu, mtoto wangu wa pekee, ana miaka minane, ambaye alikuwa ameshaanguka mara mbili mwaka ule baada ya kucheza.

Nilirudi Ushirombo na vidonge na orodha ya vyakula, na siku ileile nikaanza kosa langu. Mume wangu nilimweleza, mwalimu wa binti yangu nilimweleza, mpishi wa shule nilimweleza. Mama sikumweleza. Ningeanzia wapi? Mwanamke wa miaka sabini, alinibeba mgongoni, alijinyima ili karanga zinitoshe, leo nimwambie kwamba kila kipande alichoniwekea mdomoni kilinizidishia? Na nikishasema hilo, ataniuliza ugonjwa umetoka wapi, na hapo itanibidi nimwambie habari za baba. Nikajiambia namhurumia. Ukweli ni kwamba nilimwogopa.

Desemba ikafika. Mimi nilikuwa na kambi ya masomo ya kidato cha sita, na mume wangu yuko mgodini Bulyanhulu, anafanya kazi chini ya ardhi kwa zamu. Binti yetu akaenda kwa bibi yake kama kila likizo. Nilimwambia mama kwenye simu, "Asile matobolwa wala ndizi, daktari amesema tumbo lake halipatani navyo." Mama akasema sawa. Nikashusha pumzi, mjinga mimi.

Wiki ya pili simu ililia nikiwa darasani. Mama hapigi simu mchana; kwake mchana ni wa shamba. Alisema mtoto aliomba kusia mbegu za mahindi na watu wa zamu, akasia vizuri kuliko wakubwa, wakakaa kupumzika, na hakuinuka. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Sasa ilikuwa saa saba.

"Umempa nini, mayu?" nikamuuliza mama.

"Nimempa matobolwa na karanga. Lakini kama dawa tu, si chakula. Nimempa mara tatu."

Sijui niliongea kwa sauti gani, ila wanafunzi wote arobaini waliacha kuandika. Nilimwambia asimpe tena hata kipande, ampe chai yenye sukari nyingi kwa kijiko, na akianza kusogeza vidole amsaidie kusimama atembee. Nikampigia daktari wa Mwanza, akasema ikipita saa nyingine bila nafuu apelekwe hospitali haraka, maana potasiamu ikizidi moyo nao unaweza kuyumba. Nikapanda basi la Kahama. Njiani nilijihesabia makosa yangu yote, na lile lililoshinda mengine lilikuwa moja: nilikuwa nimelinda moyo wa mama yangu kwa kutumia miguu ya mwanangu.

Nikiwa nimefika Kahama mama alipiga tena. Mtoto alikuwa amesimama. Nilimshukuru Mungu katikati ya stendi, kwa sauti, watu wakanipisha.

Pikipiki ilinifikisha nyumbani saa kumi na moja. Binti yangu alikuwa uani anacheza rede na watoto wa jirani, anaruka, anakwepa mpira, anapiga kelele za kudhulumiwa. Alinikumbatia akarudi kwenye mchezo. Mama alikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Nilimwamkia, akaitikia, akaniwekea kigoda cha pili.

"Sasa nieleze, mwalimu," akasema. Huniita mwalimu akiwa amekasirika. "Na usinieleze habari za tumbo."

Somo hili nilikuwa nimelifundisha miaka tisa kwa Kiingereza. Sasa nilitakiwa kulisema kwa Kisukuma, na nikajikuta sina pa kushika. Nilianza na umeme, akanikatiza kwamba nyumba haina umeme. Nikaanza na chumvi, kwamba ndani ya chumvi kuna kitu kinaitwa sodiamu, kinakaa nje ya msuli, kuna milango inayokiruhusu kuingia, na mtu akitaka kusogeza mguu milango inafunguka mara moja na kufunga mara moja. Yetu mingine haifungi vizuri. Kinaingia chenyewe, kidogo kidogo, bila kuitwa.

Mama alifikiri. "Kama zizi la ndama," akasema.

Nilimwambia sijaelewa.

"Ndama si tunawatenga usiku wasinyonye? Sasa ule mti wa mlangoni ukiwa haukai, ndama wanapenya mmoja mmoja, wananyonya usiku kucha. Asubuhi unakwenda kukamua, ng'ombe mzima kabisa, ameshiba, lakini maziwa hakuna. Utampiga bure. Ng'ombe hana kosa."

Nimewafundisha mamia ya wanafunzi na sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo. Nilimwambia ndivyo hasa. Kisha nikamwambia lililobaki: kwamba matobolwa yanausukuma ule mti uzidi kulegea. Nililisema haraka, nikiangalia chini.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu Septemba."

"Ukamleta mtoto kwangu hivyo hivyo."

"Sikutaka uumie, mayu."

"Kwa hiyo aumie yeye."

Mama hakupandisha sauti. "Nimezika watoto wawili na mume," akasema. "Kulia nakujua. Kitu cha kujua usinifiche tena."

Nilimwomba msamaha. Nikamwambia pia lile ambalo ningepaswa kuanza nalo: kwamba katika kijiji kizima yeye peke yake hakuniita mvivu, kwamba kunilisha kwake ndiko kulikonifanya niamini nitainuka, na kwamba namshukuru kwa kila siku aliyokaa pale mkekani. Nilisema kwa Kisukuma, na kwa hilo sikukosa maneno. "Wabeja," akasema, asante, lakini nikaona mawazo yake yamefika mbali kuliko yangu.

"Na ugonjwa huu umeutoa wapi? Kwetu haupo."

"Kwa baba."

Mpira uligonga ukuta wa jiko, watoto wakabishana, wakaendelea.

"Zile asubuhi, kitandani."

"Ndiyo."

"Na Isaka."

"Ndiyo, mayu. Baada ya kazi, akikaa."

Alishusha kanga mabegani, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Hakulia. Nilitaka kumwambia hakuwa na namna ya kujua, nikaacha, kwa sababu ni kweli na haisaidii.

Mchezo uliisha. Binti yangu akaja anahema, jasho linamtoka, akageuka ili ajitupe kizingitini mwa nyumba. Mama alisimama kwa haraka ambayo magoti yake hayajaiona miaka mingi.

"Usikae! Njoo tutembee."

Alimshika mkono wakaanza kuzunguka ua polepole, kupita jiko, kupita mihogo, kurudi. Nilitembea nyuma yao, maana nami nilikuwa nimekaa kwenye basi saa kadhaa. Mama alikuwa anamweleza kuhusu babu yake. Alimwambia alikuwa mtu wa kazi, akibeba magunia kutwa nzima kwa miguu kama hii yako. Watu walimwita mlevi, alisema, na bibi naye alimwita mlevi, na wote walikosea. Nina miaka arobaini na moja, na sikuwahi kumsikia mama akimsifu baba mbele ya mtu yeyote. Nilishukuru kwamba hatimaye nimelisikia neno hilo, na kwamba mwanangu amelisikia mapema kuliko mimi.

"Babu alikasirika?" binti yangu akauliza.

Walipita jiko, wakageukia mihogo.

"Sijui. Sikumuuliza," bibi yake akasema. "Wewe nitakuuliza kila siku."